Kwa nini soko la hisa huhoji bei inapobadilika ghafla: Mafunzo kutoka ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wanaofuatilia taarifa za masoko ya mitaji hukutana mara kwa mara na tangazo fupi lisemalo kwamba soko la hisa limeitaka kampuni fulani itoe maelezo kuhusu mwenendo usio wa kawaida wa bei ya hisa zake. Tangazo la aina hiyo huzua tafsiri mbili, na zote zina upungufu. Wapo wanaodhani kampuni imekwisha kutiwa hatiani, nao hukimbilia kuuza hisa zao. Wapo pia wanaodhani kuna neema iliyofichwa, nao hukimbilia kununua.

Makala hii inaeleza maana ya hoja hizo za soko, zinavyoandikwa na zinavyojibiwa, na kile anachopaswa kufanya mwananchi anaposikia kwamba hoja imetolewa. Mifano mingi imechukuliwa katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Katika ukanda huo, habari inayozaliwa shimoni au maabara hugeuka kuwa bei katika masoko yaliyo maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Dhahabu iko hapa, hisa ziko mbali

Migodi mikubwa ya ukanda huu ina wamiliki ambao hisa zao huuzwa katika masoko ya nje. Mgodi wa Geita unamilikiwa na AngloGold Ashanti, kampuni ambayo tangu Septemba 2023 soko lake kuu ni New York. Mradi wa Buckreef, pia katika Mkoa wa Geita, ni ubia kati ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lenye asilimia 45 na kampuni ya TRX Gold yenye asilimia 55, na hisa za TRX Gold huuzwa Toronto na New York. Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, uko chini ya Kampuni ya Twiga Minerals, ambamo Serikali ina asilimia 16 na Barrick asilimia 84. Hisa za Barrick nazo zimeorodheshwa Toronto na New York.

Kabla ya hapo, Bulyanhulu na Buzwagi, pamoja na North Mara mkoani Mara, ilikuwa chini ya African Barrick Gold, kampuni iliyobadili jina mwaka 2014 na kuitwa Acacia. Kampuni hiyo iliorodheshwa London Machi 2010 kwa bei ya peni 575 za Uingereza kwa hisa moja, na Desemba 2011 ikaorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Kwa sababu hiyo, kwa takribani miaka minane, Mtanzania aliweza kufuatilia katika soko la nyumbani thamani ya kampuni iliyochimba dhahabu ya Kahama. Historia ya hisa hizo ni darasa zuri kwa yeyote anayetaka kuelewa kwa nini bei hupanda na kushuka, na ni wakati gani soko hulazimika kuuliza.

Bei inapoyumba na sababu inajulikana

Mwaka 2017 bei ya hisa za Acacia iliyumba sana, lakini sababu zilikuwa wazi kwa kila mtu. Mwanzoni mwa Machi mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Mei 24, Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma iliwasilisha kwa Rais John Magufuli ripoti kuhusu makontena 277 ya makinikia, ikieleza kuwa kiasi cha dhahabu kilichomo kilikuwa kikubwa kuliko kilichotangazwa. Kampuni ilikanusha matokeo hayo, na siku hiyo hiyo bei ya hisa zake London ikaporomoka. Juni 12 iliwasilishwa ripoti ya Kamati ya pili, iliyoongozwa na Profesa Nehemiah Osoro. Julai ikafuata ankara ya kodi ya Dola za Marekani bilioni 190, ambapo bilioni 40 zilikuwa kodi na bilioni 150 zilikuwa riba na adhabu. Bei ikashuka tena.

Oktoba 19, 2017 upepo ulibadilika. Serikali na Barrick, iliyokuwa mwanahisa mkubwa wa Acacia, zilitangaza maelewano yaliyohusisha Serikali kupata asilimia 16 ya hisa, kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu, na malipo ya Dola milioni 300. Bei ya hisa ilipanda siku hiyo.

Mtiririko huo unaonesha jambo la msingi. Bei iliporomoka na kupanda kwa kasi kubwa, lakini kila hatua ilikuwa na habari iliyotangazwa hadharani, ikasikika Kahama, Dar es Salaam na London kwa wakati mmoja. Aliyeuza na aliyenunua walikuwa na taarifa zilezile, wakatofautiana katika maamuzi. Mabadiliko ya namna hiyo, hata yakiwa makubwa, hayana fumbo. Hali kama hiyo iliukuta mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, Septemba 2017. Shehena ya almasi yenye karati zaidi ya 71,000 ilizuiliwa, mmiliki mkuu wa wakati huo, Petra Diamonds, akatoa tangazo katika soko la London, na bei ya hisa zake ikashuka.

Bei inapotangulia habari

Fumbo huanza pale bei inapobadilika kabla ya habari. Ikiwa hisa zilizokuwa zimetulia kwa miezi zinapanda kwa theluthi moja ndani ya siku mbili, au idadi ya hisa zinazouzwa kwa siku inaongezeka mara kumi, na hakuna tangazo lolote la kampuni wala tukio la hadharani linaloeleza hali hiyo, soko hujiuliza swali moja: je, kuna mtu anayejua jambo ambalo wengine hawajaambiwa?

Mfano ulio wazi wa utaratibu huu unatoka Australia, ambako kampuni nyingi ndogo za utafutaji madini zimeorodheshwa. Mmojawapo wa miradi ya ukanda wetu uliopitia soko hilo ni Nyanzaga, wilayani Sengerema, jirani na Mkoa wa Geita, uliokuwa chini ya kampuni ya OreCorp. Mitambo ya soko la Australia hufuatilia bei na idadi ya hisa kila dakika ya biashara. Mwenendo usioeleweka ukijitokeza, soko huiandikia kampuni barua yenye maswali machache yaliyokwisha kuzoeleka.

Swali la kwanza huitaka kampuni iseme kama ina taarifa yoyote ambayo haijatangazwa na ambayo, ikijulikana, ingeweza kueleza mwenendo wa hisa. Jibu likiwa ndiyo, kampuni huulizwa kwa nini haijaitangaza na ni lini itafanya hivyo. Jibu likiwa hapana, huulizwa kama ina maelezo mengine. Kisha hutakiwa kuthibitisha kuwa inazingatia kanuni za soko, hasa ile inayoagiza taarifa yenye uwezo wa kuathiri bei itangazwe mara moja. Mwisho, hutakiwa kuthibitisha kwamba majibu yameidhinishwa na bodi au na ofisa aliyekasimiwa mamlaka hayo. Barua na majibu huchapishwa pamoja ili kila mtu avisome.

Kampuni inayohitaji muda wa kuandaa tangazo zito inaweza kuomba uuzaji wa hisa zake usimamishwe, kwa kawaida kwa muda usiozidi siku mbili za biashara. Usimamishaji huo si adhabu. Ni sawa na kufunga mlango wa ghala wakati mizigo inahesabiwa, ili asiwepo anayeuziwa gizani.

Mara nyingi jibu la kampuni huwa fupi: haina taarifa yoyote isiyotangazwa, na haijui sababu ya mabadiliko. Majibu hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Kampuni imeweka maandishi hadharani. Ikija kubainika baadaye kwamba wakati huo ilikuwa na siri ya makubaliano au matokeo ya uchorongaji, maandishi hayo yatakuwa ushahidi dhidi yake.

Uvumi wa kununuliwa kwa kampuni

Chanzo kimojawapo cha mienendo isiyo ya kawaida ni mazungumzo ya kampuni moja kutaka kuinunua nyingine. Mazungumzo hayo huanza kwa siri, lakini yanahusisha wanasheria, mabenki, washauri na wakurugenzi wengi, na siri ya wengi haikai. Kwa sababu hiyo, kanuni za Uingereza zinaagiza kwamba kampuni iliyofuatwa na mnunuzi itoe tangazo iwapo uvumi umeenea au bei yake imebadilika isivyo kawaida, hata kama makubaliano hayajafikiwa.

African Barrick Gold ilionja hali hiyo. Agosti 2012 Barrick ilithibitisha kuwa ilikuwa katika mazungumzo ya awali na kampuni ya China National Gold kuhusu kuuza hisa zake. Januari 2013 ilitangazwa kuwa mazungumzo yamekwisha bila makubaliano, na bei ikashuka. Aliyenunua katikati ya kipindi hicho kwa kuamini kwamba uthibitisho wa mazungumzo ni sawa na uthibitisho wa mauzo alijifunza tofauti kati ya mambo hayo mawili kwa gharama ya fedha zake.

Mwaka 2019 Barrick yenyewe, ikiwa na takribani asilimia 64 ya hisa za Acacia, ilitaka kununua hisa zilizobaki. Pendekezo la Mei lilikuwa hisa 0.153 za Barrick kwa kila hisa moja ya Acacia. Kanuni za London ziliweka tarehe ya mwisho ya mnunuzi kutoa ofa rasmi au kujiondoa, ili wanahisa wadogo wasibaki wakining'inia katika uvumi. Tarehe hiyo iliongezwa mara zaidi ya moja, na Julai 19 ofa ikapandishwa hadi hisa 0.168. Septemba 2019 ununuzi ulikamilika na Acacia ikaondoka katika masoko ya hisa. Mwanahisa aliyeuza mapema kwa hofu na aliyesubiri tangazo rasmi hawakupata matokeo sawa.

Taarifa za ndani huanzia hapa nyumbani

Ni rahisi kudhani kwamba kosa la kutumia taarifa za ndani ni la wakurugenzi waliokaa katika ofisi za ghorofani. Katika ukanda wa dhahabu hali ni tofauti, kwa kuwa habari inayobadilisha bei hupita mikononi mwa watu wengi wa kawaida kabla ya kufika kwa wanahisa.

Tuchukulie kampuni inayochoronga miamba katika kijiji kimoja cha Geita. Mwamba unaotolewa ardhini huonwa na waendesha mtambo, huandikwa na mjiolojia, hubebwa na dereva, hupimwa na mafundi wa maabara, na matokeo huingizwa kwenye kompyuta na karani. Wote hao wanaweza kujua kwamba kiwango cha dhahabu kimekuwa kikubwa siku kadhaa kabla ya tangazo. Halikadhalika, mtumishi wa umma anayeshughulikia leseni, mthamini wa fidia au mkandarasi wa umeme anaweza kujua kwamba mradi umepata au umekosa kibali. Mmoja wao akinunua au kuuza hisa kwa kutumia habari hiyo, au akamnong'oneza ndugu yake afanye hivyo, anakuwa amemnyang'anya mwanahisa wa upande wa pili haki ya kuamua akiwa na taarifa sawa.

Hapo ndipo ilipo thamani ya hoja ya soko. Mitambo haiwezi kujua nani alimnong'oneza nani. Hata hivyo inaweza kuona kwamba bei imetembea kabla ya habari, na kumbukumbu za miamala zinaonesha nani alinunua, kiasi gani na saa ngapi. Kuanzia hapo, mamlaka zenye uwezo wa kisheria huanza kazi.

Funzo la Bre-X

Hatari ya pili ni habari ya uongo. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya Bre-X ya Canada ilitangaza kugundua hazina kubwa ya dhahabu eneo la Busang nchini Indonesia. Bei ya hisa zake ilipaa, na wastaafu na wafanyakazi wengi wa kawaida wakaweka akiba zao humo. Mei 1997 uchunguzi huru ulibaini kwamba sampuli zilikuwa zimechanganywa na dhahabu iliyoletwa kutoka kwingine. Hisa hizo zikabaki bila thamani.

Kutokana na fedheha hiyo, mwaka 2001 Canada ilianza kutumia kanuni inayoagiza kwamba takwimu za mashapo ya madini zinazotangazwa kwa wanahisa zitolewe chini ya usimamizi wa mtaalamu mwenye sifa, anayetajwa kwa jina na kuwajibika. Kampuni zilizoorodheshwa Toronto zinazotafuta au kuchimba dhahabu Tanzania hufuata kanuni hiyo. Msomaji wa tangazo la matokeo ya uchorongaji atazame kama jina la mtaalamu huyo limetajwa. Tangazo lenye sifa nyingi lisilo na jina hilo linastahili kutiliwa shaka.

Sheria inasemaje Tanzania

Nchini Tanzania, usimamizi wa masoko haya uko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), iliyoundwa kwa Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, Sura ya 79. DSE ilisajiliwa mwaka 1996 na kuanza biashara Aprili 1998. Sheria inakataza kununua au kuuza hisa kwa kutumia taarifa za ndani, kufanya miamala ya kughushi ili kuonesha kwamba hisa zina soko, kupandisha au kushusha bei kwa hila, na kutoa kauli za uongo zenye lengo la kushawishi watu kununua au kuuza.

Kwa upande wake, kampuni iliyoorodheshwa DSE inawajibika kuutangazia umma mambo yanayoweza kuathiri bei. Pale ambapo jambo halijakamilika, kampuni hutoa taarifa ya tahadhari, yaani tangazo linalowaambia wanahisa kwamba kuna jambo linaendelea na kuwashauri kuwa waangalifu wanapouza au kununua. Taarifa hiyo haisemi kwamba bei itapanda wala itashuka. Inamhakikishia mwanahisa wa Kahama kwamba ameambiwa siku ileile aliyoambiwa mwekezaji mkubwa wa Dar es Salaam.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, hoja ya soko si hukumu. Isomwe pamoja na jibu la kampuni, na uamuzi usubiri jibu hilo. Jibu linalosema hakuna taarifa mpya lina maana kwamba waliopandisha bei huenda wamefuata uvumi, na bei iliyopandishwa na uvumi hushuka bila kuaga.

Pili, mwananchi atofautishe bei ya dhahabu na bei ya hisa. Mchimbaji mdogo anayeuza katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, hulipwa kwa kuzingatia bei ya dhahabu duniani. Hisa za kampuni ya madini zinaweza kushuka siku ambayo dhahabu imepanda, ikiwa mgodi umepata hitilafu au kampuni ina mgogoro. Vilevile, mrabaha wa Serikali na ushuru wa huduma wa halmashauri hutegemea uzalishaji na mauzo, hivyo kuporomoka kwa hisa New York au Toronto hakumaanishi moja kwa moja kwamba mapato ya halmashauri yameporomoka.

Tatu, anayesoma ripoti za DSE atazame takwimu mbili za thamani ya soko: ile ya kampuni zote na ile ya kampuni za ndani pekee. Acacia ilipoporomoka London mwaka 2017, thamani ya jumla ya DSE ilipungua, ingawa biashara kubwa ya hisa hizo ilifanyika nje. Kichwa cha habari kinachosema soko limepoteza matrilioni kinaweza kuwa kweli huku kampuni za ndani zikiwa hazijatikisika.

Nne, mwananchi ajihadhari na makundi ya simu yanayoahidi habari za ndani kuhusu mgodi au kampuni fulani. Ikiwa habari hiyo ni ya uongo, atapoteza fedha. Ikiwa ni ya kweli na haijatangazwa, kuitumia ni kosa la jinai. Hakuna upande ulio salama.

Tano, hisa zinunuliwe kupitia madalali wenye leseni ya CMSA, na kumbukumbu za kila muamala zitunzwe. Mwenye malalamiko aanze kwa dalali wake, kisha DSE, na asiporidhika afike CMSA.

Kwa wafanyakazi wa migodi, maabara, kampuni za ukandarasi na ofisi za umma katika mikoa ya Shinyanga na Geita, wito ni mmoja: taarifa unayoipata kazini kabla haijatangazwa ni amana. Bei ya haki hujengwa na watu wanaojua mambo sawa kwa wakati mmoja, na ulinzi wa haki hiyo huanzia kwa yule wa kwanza kuishika sampuli mkononi.